Hodi kwa Jirani

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na msumeno wako. Kitinda anasema bado unapanda kwenye mapaa ya watu kukagua kenchi, na ukiambiwa ushuke unajifanya husikii. Najua masikio yamechoka, Baba, lakini mbona ukiitwa kula yanapona?

Nimeamua kuandika kwa sababu habari hii siwezi kuipigia kelele kwenye simu mtaa mzima ukasikia. Isome ukiwa umekaa.

Hospitali yetu inahamia jengo jipya. Lile jengo refu la mwanzo, unalolijua wewe kuliko mimi, litavunjwa. Unakumbuka lilikuwa ghala la tumbaku kabla ya kugeuzwa hospitali ya saratani? Siku za joto kuta bado zinatoa harufu, na wagonjwa wa mapafu wanataniana: "Tumerudishwa kwa mwenye mali." Hapo ndipo walipoanzia, na wodi mbili, mashine moja ya mionzi nyuma ya ukuta mnene, na chumba kimoja cha maabara. Leo kuna majengo hadi barabarani na watafiti wanakuja kutoka mbali, lakini maabara haijawahi kuhama. Sasa zamu yetu imefika, na kazi niliyopewa ni kuhamisha vibonge.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Ulizoea kuwaambia watu "anakata kata vitu huko", na hukukosea. Mgonjwa akipasuliwa, kipande cha uvimbe wake huletwa kwetu. Tunakikausha maji, tunakizamisha kwenye nta ya moto, kikipoa kinakuwa kibonge kidogo cha kukaa juu ya kidole gumba. Kutoka kwenye kibonge hicho tunakata utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, tunaupaka rangi, na daktari anautazama kwenye darubini aseme ni ugonjwa gani. Kinachobaki hakitupwi. Kinawekwa kwenye droo, na hivyo ndivyo ilivyo tangu hospitali ianze.

Na hakuna anayefungua droo zile bila kugonga mara mbili na kusema hodi. Usicheke. Ni desturi ya daktari wa kwanza wa maabara, aliyewaambia wasaidizi wake kwamba waliomo ndani ndio wenyeji na sisi ni wapita njia. Mkuu wetu wa sasa tunamwita Bibi Vioo, maana haonekani bila kioo cha sampuli mkononi. Aliwahi kumrudisha profesa mgeni mlangoni kwa kuvuta droo kimya kimya kama mwizi.

Sasa sikia. Juzi droo moja ilikuwa nzito, nikaitoa yote nikaipindua. Chini yake, kwa penseli ya seremala, kuna samaki. Yule samaki wako wa mistari miwili unayemchora chini ya kila kitanda na kila kabati. Nikaipindua ya pili, samaki. Ya tatu, samaki. Baba, zile droo ni zako! Zinateleza hadi leo kama zimepakwa mafuta. Kwa nini hukuwahi kuniambia?

Na kwenye mojawapo, nilipokuwa nahamisha, nikakutana na Mama. Nambari ni yake, mwaka ni wake. Amebaki mdogo sana, lakini yupo.

Mwanao wa kwanza


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza, halafu nikashindwa kuinuka. Kitinda alidhani kiuno.

Unaniuliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia nini, mtoto? Nilikuwa nakaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, ninyi mko kwa shangazi yenu, Kitinda bado ananyonya. Wanaume tulikuwa hatuingii mpaka saa ya kuona wagonjwa. Nikawa natikisa miguu, natikisa benchi, mpaka metroni akatoka akasema, "Wewe nani kakuambia kutikisa benchi kunaponya mtu? Una kazi gani?" Nikamwambia mimi ni seremala. Akanipeleka nyuma, kuna mbao nzuri zimelala, akasema wanataka droo za kumbukumbu. Mimi nilijua kumbukumbu ni makaratasi. Nikafanya kazi kwa raha zangu, nikaunga pembe bila msumari hata mmoja, nikapiga randa mpaka ubao ukanionyesha uso wangu.

Mama yako alikuwa anasikia kule wodini. Aliniambia, "Nikisikia nyundo najua upo. Ikinyamaza naanza kukutafuta." Kwa hiyo hata pale kazi ilipokwisha nilikuwa nagonga tu mbao tupu, metroni anajua, ananiacha.

Sasa unaniambia nilikuwa natengeneza sanduku la mke wangu mwenyewe.

Mimi nimemzika Jirani. Unajua kwamba nilimwita hivyo tangu ujana, kwa sababu tulipakana ukuta kwa wazazi wetu, na hata alipohamia kwangu nikashindwa kubadilisha. Nimemzika kwa mikono hii. Kila Ijumaa nakwenda pale, napalilia, namwambia habari zenu. Kumbe sikumzika wote? Kumbe kuna kipande nilikiacha kinakaa na watu asiowajua, kinaitwa kwa nambari?

Mlete nyumbani. Huna haja ya kunieleza mambo ya darubini. Mfunge vizuri, uje naye mwenyewe, tumweke alipolala mwenyewe. Nimeshaanza kisanduku.

Na uje kweli. Mwisho wa mwaka ulisema kazi zimebana, hatukuuliza. Mji unakula watu, lakini hata fisi hubakiza mfupa.

Baba yako


25 Februari

Kitinda,

Soma barua hii chumbani kwako, mlango umefungwa, halafu uifiche mahali ambapo Baba hafiki. Weka kwenye sanduku la vipande vya vitambaa, najua hilo haligusi kwa kuogopa sindano.

Mwisho wa mwaka sikubanwa na kazi. Nilikuwa nimelazwa. Niligundua uvimbe kwenye titi la kulia, nikakata shauri wanikate kabla sijawaambia, nikiamini nitawaletea habari ikiwa imekwisha kuwa hadithi. Wamelitoa lote, na tezi za kwapani. Wodi ni ileile, mdogo wangu. Benchi lile bado liko nje, mguu mmoja umelegea. Nilipozinduka nilimsikia mtu akilitikisa, moyo ukaruka. Alikuwa mtu wa kufagia.

Naendelea vizuri, usilie. Nameza dawa, nimerudi kazini kwa nusu siku. Lakini kuna jambo. Wamepima damu yangu wakakuta kitu kwenye vinasaba, hitilafu ndogo ambayo hawajawahi kuiona kwa mtu mwingine. Hawajui kama ndiyo iliyoleta ugonjwa, au ni alama tu ya ukoo, kama lile doa la shingoni tulilorithi sote. Kuna njia ya kujua. Kama Mama naye alikuwa nayo, na kama uvimbe wake ulitokana nayo, basi ni yenyewe. Hapo itabidi nitolewe titi la pili na vifuko vya mayai kabla ugonjwa haujabisha. Na wewe itabidi upimwe, Kitinda. Ndiyo maana nilikwenda kumtafuta kwenye droo. Baba nimemwambia nilikutana naye tu wakati wa kuhama.

Shida ni kwamba kibonge cha Mama kimekatwa mara nyingi kwa utafiti. Bibi Vioo anasema ni miongoni mwa vile vilivyowafundisha hapa ni uvimbe gani unalishwa na homoni, na kutokana na hapo ndipo walipojua nani apewe dawa hii ninayomeza mimi sasa. Amekuwa mkarimu mno, amebaki utando. Tukikata tena, hakibaki kitu. Na kwa kibonge kinachokaribia kwisha hospitali ina sheria yake: hakikatwi mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo. Kwa Mama, mwenye nyumba ni Baba.

Na Baba anataka nimlete azikwe. Nifanyeje? Nikimwambia ukweli atakubali, lakini atarudi kwenye lile benchi moyoni mwake na hatatoka tena. Acha nimwombe bila kumtaja mgonjwa.

Nakuomba kitu kingine. Nishonee blauzi mbili, tatu, mkono haupandi juu. Utajua mwenyewe zikae vipi.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Nimelia, nimekutukana, nimelia tena, halafu nimekaa kwenye cherehani. Kwa hiyo usiniambie nisilie, umechelewa.

Hivi wewe ulitaka ufe kwa adabu? Uzinduke peke yako unasikiliza mfagiaji? Mimi ningekuja na miguu yangu. Ningelitikisa hilo benchi mpaka wanifukuze. Unanificha mimi, ambaye ulinilea ukanifundisha hata kufunga kamba za viatu! Mama alipoondoka sikuwa nimeanza kusema. Sina sura yake kichwani, sura niliyo nayo ni yako. Sasa wewe nawe unataka kunizoesha kuishi bila wewe.

Hilo la kupimwa nimelisikia. Naogopa, basi. Nikioga sijigusi.

Kuhusu Baba, hali ni hivi. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha kutosha kitabu. Nikamwambia Dada alisema ni cha juu ya kidole gumba, akakiweka kando akaanza kingine. Sasa ana cha tatu, ukubwa wa kiberiti, ameunga pembe zake bila msumari, anapiga msasa huku anaongea naye. Jana nimemsikia anasema, "Vumilia, Jirani, mwanao anakuleta." Ukimwona huwezi kumwambia kitu. Kule makaburini ameshafungua kidogo udongo pembeni, mahali pa kuingiza.

Blauzi ninazo mbili tayari, ya tatu naimalizia. Baba akipita nazifunika kwa shuka la mteja.

Niambie unakula nini. Niambie ukweli.

Kitinda


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za nyundo na metroni. Nimemsomea Bibi Vioo, akacheka mpaka akaweka kioo chini, na hilo halijapata kutokea. Alikuwa msichana wa kuosha vyombo vya maabara wakati ule. Anasema anamkumbuka fundi aliyekuwa anagonga mbao ambazo hazijengi kitu.

Kuhusu Mama, kuna ombi. Nakuomba usikasirike kabla ya kufika mwisho wa ukurasa.

Kipande kilichobaki kinatosha kukatwa mara moja tu. Hospitali wanakiomba kwa utafiti wa magonjwa yanayotembea kwenye koo za watu, kutoka kwa mama kwenda kwa watoto. Kikikatwa hakitabaki cha kuzika, itabaki nta. Lakini kinaweza kuwasaidia wanawake wengine wajue mapema, kabla mambo hayajaharibika. Mama alikuwa mtu wa kutoa, wewe mwenyewe ulikuwa unasema angegawa hata kivuli chake.

Hawawezi kufanya bila neno lako. Nami nakuomba useme ndiyo.

Mwanao wa kwanza


20 Machi

Mwanangu,

Nimefika mwisho wa ukurasa na nimekasirika.

Wanawake wengine wana waume zao na wana baba zao. Waende wakawaombe hao. Mimi nilitoa. Nilimtoa akiwa mzima, anacheka, wakamkata upande mmoja, wakampitisha kwenye mashine, wakaniambia subiri. Nikasubiri. Nikawajengea na droo. Sasa baada ya miaka yote hii mnataka kumkata tena, na safari hii asibaki hata wa kusingiziwa!

Simlaumu daktari yeyote, walihangaika naye kama ndugu yao. Lakini hujui, mwanangu, kukaa na mtu aliyepungua. Kwanza anapungua yeye, halafu sauti yake unaanza kuisahau. Mimi sasa hivi ukiniuliza alikuwa anacheka vipi, naweza kukuambia alifunika mdomo kwa kiganja, lakini mlio wenyewe sina. Umeniambia kuna kipande chake, nikawa kama mtu aliyeokota funguo za nyumba iliyokwisha kuungua. Ni za bure, najua. Ziache hivyohivyo zikae mfukoni mwangu.

Kingine nakushangaa. Unamwomba Mama yako kwa maneno ya ofisini. "Hospitali wanakiomba." Wewe unaomba nini?

Jibu langu ni hapana. Mlete.

Baba yako


26 Machi

Kitinda,

Amekataa. Usimlaumu, na usimwambie. Nimeisoma barua yake kazini, nikaenda kusimama mbele ya droo, nikagonga, nikasema hodi, halafu sikufungua. Nilisimama tu. Bibi Vioo akanikuta, akaniletea kiti.

Madaktari wanasema wanaweza kuendelea bila Mama, ila watakuwa wanakisia. Labda wanikate bure, labda waniache wakati walitakiwa kunikata. Nawe utabaki bila jibu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki ijayo nitaandika barua ya kuomba kumtoa. Nitakuja naye. Mwache Baba apate anachokitaka, amekosa vingi.

Sijawahi kumtamani Mama kama siku hizi. Nikiwa mtoto nilimtamani kwa ajili ya nywele na kwa ajili ya kusimama shuleni siku ya wazazi. Sasa nataka kumuuliza swali moja tu: mkono ulichukua muda gani kupanda? Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Blauzi ukimaliza zitume.

Dada


5 Aprili

Mwanangu,

Usimgombeze mdogo wako. Hajafungua mdomo. Nimembana hadi nikamwonea huruma, na bado alikuwa anaapa kwamba ni nguo za mteja.

Niliingia chumbani kwake kutafuta tepu ya kupimia, yangu imepotea. Kwenye cherehani kuna shuka, chini ya shuka kuna blauzi. Ina vifungo mbele toka juu hadi chini, kwapa pana, mkono wa kuingia bila kuinuliwa. Upande wa ndani, kulia, kashona mfuko wa pamba laini wa kuziba pasipo na kitu.

Mimi ni seremala. Nguo sizijui. Lakini blauzi ya namna hiyo naijua, kwa sababu niliwahi kuzunguka mji huo wenu mzima kutafuta fundi wa kuishona, nikawa nasimama dukani naonyesha kwa mikono, mafundi wananishangaa mwanamume anataka vifungo viwe wapi na mfuko ukae vipi. Mama yako alizivaa mpaka mwisho. Na kipimo cha mabega ya hiyo niliyoiona ni chako.

Nimekaa nayo mapajani mpaka Kitinda aliporudi sokoni.

Kwa hiyo hao "wanawake wengine" ndio ninyi. Ungesema, mama. Ulitaka kunilinda na benchi? Mtoto wangu amelala ndani na benchi liko tupu, hapo umenilinda na nini? Mimi hata kama ningetikisa mpaka likavunjika ningekuwa nimekaa. Sina hasira na wewe. Nina hasira na kiti kilichokosa mtu.

Uliuliza kupitia hospitali, basi sasa sikia jibu langu kwako wewe. Ndiyo. Mkate. Mkate wote, asibaki. Angekuwa hai angekuwa ameshajikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni na kuuliza kama kinatosha. Kama kuna kitu alichoacha huko, basi hakuniachia mimi, aliwaachia ninyi, na mimi nilikuwa nakitunza tu bila kujua, kwenye droo zangu.

Ila nina masharti. Ukate wewe, asikate mtu mwingine. Na hodi upige ya kusikika, alikuwa hapendi watu wanaoingia kimya. Usimwite kwa nambari. Mwite Jirani, atajua ni mtu wa nyumbani.

Blauzi zinakuja na basi la kesho. Ile ya tatu vifungo nimechonga mimi, vya mti. Kitinda anasema vinene, lakini vidole vyako vitavishika bila shida. Mama yako vile vidogo vilikuwa vinamtoroka.

Mkono ulipanda baada ya mvua za mwaka ule. Nilimwona asubuhi moja anaanika nguo kwenye kamba, hajui kama namtazama. Nilisoma barua zote ulizomwandikia mdogo wako, kwenye sanduku la vitambaa. Sindano siziogopi kiasi hicho.

Baba yako


29 Mei

Baba,

Shikamoo. Kwenye simu nilikuambia "tayari" tu, kwa sababu neno lingine lilikuwa halitoki. Leo naweza.

Niligonga mara mbili kwenye ubao wako. Nikasema, "Hodi, Jirani." Nilisema kwa sauti, wenzangu wote wakaacha kazi. Na unajua sisi tuna desturi ya kubisha, lakini hatuna desturi ya kujibu, nani ajibu? Siku ile Bibi Vioo, aliyekuwa anaosha mikono amenigeukia mgongo, akasema, "Karibu, mama, ingia." Nikafungua.

Nilikaa kwenye mashine ya kukatia, nikazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia. Mkono ulifika. Utando ukatoka, nikaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ili ukunjuke, nikauokota kwa kioo. Nilikuwa nimevaa blauzi ya vifungo vya mti. Halafu nta ikabaki peke yake, na katikati yake kitundu chenye umbo la kile kilichokuwemo. Nilidhani nitalia wakati wa kukata. Nililia wakati wa kuzima mashine.

Majibu yametoka. Mama alikuwa nayo, na uvimbe wake ulitokana nayo. Ni yenyewe, na kwangu ni yenyewe. Tarehe 20 mwezi ujao watanipasua tena, watoe yale mengine kabla hayajageuka. Madaktari wana imani, na mimi nina imani kwa sababu safari hii tunautangulia ugonjwa. Mama hakupata nafasi hiyo.

Kitinda hana. Wamepima damu yake mara mbili. Hana, Baba. Nilipompigia alilia kama aliyefiwa, akasema haoni haki yake iko wapi, mimi nikatwe yeye abaki mzima. Mwambie haki yake ndiyo hiyo, abaki mzima. Mimi hanisikii.

Zile droo wanazitupa, nimeomba moja. Nta nimeifunga kwenye pamba. Haina kitu ndani, ni nafasi tu aliyokuwepo, lakini kama kile kisanduku cha ukubwa wa kiberiti kingali kipo, ataenea.

Naogopa, Baba. Naandika hili kwa sababu uliniuliza mimi naomba nini. Naomba nikizinduka kuwe na mtu.

Mwanao wa kwanza


7 Juni

Mwanangu,

Kisanduku kipo. Tutakizika pamoja, wewe ndiye utakayekishika, kwa hiyo pona.

Nakuja. Kitinda anakuja pia, ameacha kulia, sasa anagombana na mimi kuhusu mizigo. Anasema hakuna mtu anayekwenda hospitali na nyundo. Nimemwambia hilo benchi lenu limelegea mguu, wewe mwenyewe umeandika, na mimi siwezi kukaa juu ya kiti kibovu huku nina kazi yangu mkononi. Metroni wa sasa akiniuliza, nitamwambia nina ruhusa ya metroni wa zamani.

Ukizinduka usiharakishe kufungua macho. Sikiliza kwanza. Ukisikia nyundo, ni mimi, niko nje. Nitagonga mara mbili, nipumzike, nigonge tena, kama mnavyobisha kwenye droo. Nimebisha hodi miaka mingi, kila Ijumaa, mahali ambapo hapajibiwi. Kwako nataka kujibiwa. Sema karibu, hata kwa sauti ndogo. Masikio yangu hayatasikia, lakini nimeshapanga na Kitinda: atasimama mlangoni, na ukisema tu, atanipungia mkono.

Baba yako